Wasokotaji wa Velázquez

Katika jumba la makumbusho la Prado, mjini Madrid, imo picha ambayo kwa sehemu kubwa ya umri wake iliitwa kwa jina lisilokuwa lake. Ilichorwa na Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme Felipe wa Nne wa Uhispania, baina ya mwaka 1655 na 1660, yaani katika miaka yake ya mwisho. Wahispania huiita Las Hilanderas, Wasokotaji wa Uzi, na tangu karne ya 18 kila aliyeitazama aliona kile alichoambiwa akione: wanawake wa kazi katika karakana ya mazulia ya kifalme ya Santa Isabel, na sufu yao, na gurudumu lao, na paka wao. Wapo hata waliosema kuwa hii ndiyo picha ya mwanzo ya kiwanda katika sanaa ya Ulaya.

Mambo yaligeuka mwaka 1948. Mtaalamu wa sanaa wa Kihispania, Diego Angulo Íñiguez, alichapisha makala akasema kwamba kile chumba cha nyuma kinachong'aa, ambamo wamesimama mabibi waliovaa hariri, si mahali pa kukagulia mazulia. Mle ndani yumo mwanamke mwenye kofia ya chuma ya vita, na mwanamke huyo ni Athena. Mwaka huohuo mtafiti María Luisa Caturla akatoa orodha ya mali za bwana mmoja wa Madrid, Pedro de Arce, iliyoandikwa mwaka 1664, miaka minne tu baada ya kufa mchoraji. Humo picha imetajwa kwa jina lake: Kisa cha Arachne.

Kumbe basi si karakana, ni hadithi ya Wayunani! Na tokea hapo macho ya wajuzi yakavuka wanawake wa mbele, yakaenda kukaa kule nyuma. Mimi ninayeandika haya si mjuzi wa picha. Ni mtunzi wa mashairi na mfasiri, niliyejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na Madrid sijafika. Nimeijua picha hii kwanza kwa vitabu, kisha, siku hizi, kwa nakala kubwa ambayo Prado yenyewe imeiweka katika mtandao, ambamo mtu anaweza kuisogelea hata akaona mkwaruzo wa brashi. Lakini kisa cha Arachne nimekaa nacho kwa miaka mingi nikikifasiri, na kwa ajili hiyo nina neno la kusema.

Kisa kimo katika kitabu cha sita cha Metamorphoses, ule utenzi mrefu wa Kilatini wa Ovid. Arachne alikuwa binti wa mtia rangi, Idmon wa Colophon, katika nchi ya Lydia, ambayo leo imo ndani ya Uturuki. Hakuwa mtoto wa mfalme wala wa ukoo wa kutajwa. Jina alilipata kwa mikono yake. Watu walisafiri kuja kuitazama si nguo iliyokwisha tu, bali namna anavyoifanya: anavyoikusanya sufu, anavyoivuta ikawa laini, anavyouzungusha uzi kwa kidole gumba. Wakasema huyu bila ya shaka kafundwa na Athena, mungu wa kike wa ufundi na wa vita. (Mwenyezi Mungu ni Mmoja, mimi hapa nasimulia walivyosimulia wao.) Binti alikana kufundwa, akataka ashindanishwe na huyo mwalimu wanayemtaja.

Athena akamjia katika sura ya ajuza, mvi kichwani na mkongojo mkononi, akamnasihi aombe radhi. Binti akamjibu kwa ukali. Hapo ajuza akauvua uzee wake, vitanda viwili vya kufumia vikasimamishwa, mitande ikatandwa, na kila mmoja akaanza kupitisha mshindio wake. Athena alifuma miungu kumi na miwili wameketi katika enzi zao, na katika pembe nne za nguo akafuma wanadamu waliothubutu kushindana na miungu, pamoja na adhabu zilizowapata. Arachne yeye alifuma habari za miungu haohao wakijigeuza fahali, na tai, na mvua ya dhahabu, ili wawahadae wanawake. Wa mwanzo katika nguo yake ni Europa, aliyepakiwa mgongoni mwa fahali akavushwa bahari, naye anageuka kuitazama pwani anayoiacha.

Hapa Ovid anasema jambo ambalo wasimulizi wengi wa baadaye, waliotaka kisa kiwe cha kuwaonya wenye kiburi, walilipita mbio. Athena hakuona kasoro katika kazi ile. Na kwa sababu hakuona kasoro, alighadhibika. Akaichana nguo, akakishika kijiti cha kupitishia uzi akampiga binti pajini mara kadhaa. Arachne hakustahimili, akajitia kitanzi. Athena akamwonea huruma, huruma ya namna yake, akamnyunyizia maji ya mmea wa uchawi akamwacha hai akining'inia: kichwa kikasinyaa, vidole vikawa miguu mbavuni, mwili wote ukawa tumbo, na humo tumboni anatoa uzi hadi leo.

Aliyetunga beti hizo naye hakusalimika na wenye enzi. Mwaka 8 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, Kaisari Augustus alimhamishia Tomis, katika pwani ya Bahari Nyeusi, akafia huko. Mwenyewe aliandika kuwa kilichomponza ni shairi na kosa, kosa hakulieleza.

Sasa tuitazame picha. Mbele, karibu nasi hata mtu angaliweza kuwagusa, wako wanawake watano. Kushoto ameketi mwenye sura ya ajuza, kajifunga kitambaa cheupe kichwani, anasokota. Mguu mmoja kaunyoosha, uko wazi, na gurudumu linakwenda kwa kasi hata vijiti vyake havionekani tena, imebaki duara ya mwanga. Nyuma yake msichana anavuta pazia jekundu. Katikati, kivulini, mwanamke ameinama anaokota sufu, na uso wake mchoraji hakuumaliza: ni mabaka ya rangi tu, hauna macho wala kinywa. Kulia yuko msichana aliyetupa mgongo, kavaa shati jeupe, anakunja uzi na mkono wake umenyooka mbele; na wa tano anaingia na kapu. Sakafuni yupo paka, na vifungu vya sufu vimetawanyika.

Kisha, ukipanda vidaraja viwili, kuna chumba kidogo chenye nuru kama ya asubuhi. Humo nako wamo wanawake watano. Watatu ni mabibi wa mjini waliokuja kutazama, na mmoja wao ametugeukia sisi kama kwamba katusikia tukiingia. Wawili ni Athena, mwenye kofia ya chuma na mkono ulioinuliwa, na Arachne mbele yake. Nyuma yao limetundikwa zulia la ukutani, na katika zulia hilo fahali anaogelea na Europa mgongoni. Athena wa picha hii, mungu wa vita, ni mdogo kuliko kichwa cha yule msichana anayekunja uzi na bega lake.

Ninaye shangazi yangu, mkaazi wa shamba huku kwetu, ambaye tangu nimjue ukili hautoki mkononi mwake. Nilimwonyesha picha hii iliyochapwa katika karatasi kubwa, nikamhadithia kisa. Aliishika karatasi mbali na macho, kama wafanyavyo wazee, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Kitanda cha kufumia ki wapi, mwanangu?"

"Hakimo, shangazi."

"Mashindano ya kufuma, na kitanda hamna?"

Kwa hakika hamna. Nimesoma kurasa nyingi juu ya picha hii, na jambo hilo nimeliona baada ya kuulizwa na mtu ambaye kazi yake ni kusuka. Mbele wanachambua sufu, wanasokota, wanakunja uzi. Nyuma zulia limekwisha, limetundikwa. Kufuma kwenyewe, ambako ndiko kisa chote, hakuonekani.

"Hawa wa mbele ndio wenye kazi," akasema. "Wale wa kule wamekuja kutazama." Halafu akaweka kidole juu ya yule aliyeinama. "Na huyu hata uso hana. Ndiye anayeokota. Kwetu nako, anayekwenda kukata ukindu hatajwi. Hutajwa aliyeshona mkeka."

Nilipofika penye kipigo alinikatiza. "Basi huyo mwenye kofia ndiye aliyeshindwa. Aliyeshinda hapigi mtu."

Wajuzi wengi wa leo wanasema kwamba hata mbele ni hadithi ileile, imechorwa mara mbili. Ajuza anayesokota ni Athena aliyejibadili, na ushahidi ni huo mguu wake, ambao ni wa kijana wala haufanani na uso. Msichana aliyetupa mgongo ni Arachne. Mbele ndiyo mashindano na nyuma ndiyo hukumu. Hoja hii ina nguvu, wala siipingi. Nisichokikubali ni ile pupa ya kuona kwamba, kwa kuwa jina la Arachne limepatikana, basi wanawake wa karakana wamekwisha, walikuwa makosa ya macho ya watu wa zamani. Lau Velázquez angalitaka mungu na mshindani wake peke yao, asingalihitaji mwenye kapu, wala wa pazia, wala yule asiye uso. Mbele kachora jasho la kazi, na kalichora kubwa. Watu wa karne ya 18 walikosea jina la picha, lakini hawakukosea walichokiona.

Katika karne hiyohiyo picha iliungwa vipande vya turubai juu na ubavuni, mpaka ikafika sentimita 220 kwa 289, ikawa na dari refu na tao. Nani hajaiona katika sura hiyo vitabuni? Mwaka 2021 Prado iliitia katika fremu mpya inayovificha vipande vile. Nafasi tupu ya juu imeondoka, na wanawake wa mbele wamerejea ukubwa aliowapa mwenyewe.

Liko jambo jingine la miaka hiyo ambalo siwezi kuitazama picha bila ya kulikumbuka. Velázquez alikuwa akitaka kupokewa katika Daraja la Santiago, chama cha waungwana wa Uhispania. Mwombaji alipaswa kuthibitisha usafi wa nasaba yake, na kuthibitisha pia kwamba hakupata kuishi kwa kazi ya mikono. Uchoraji ulihesabiwa na wengi kuwa ufundi, sawa na useremala. Basi mashahidi wakaitwa, na miongoni mwao wachoraji wenzake, wakasema kwamba yeye hakuwa akichora kwa ujira kama fundi, bali akichora kwa kumpendeza mfalme. Baraza halikuridhika na nasaba. Ikabidi ruhusa itoke kwa Papa. Alipokewa Novemba 1659, akafa Agosti 1660.

Mtu huyo, ambaye watu waliapa kwa ajili yake kwamba hakuishi kwa kazi ya mikono, ndiye aliyechora katika miaka hiyohiyo mikono mingi namna hii: mkono unaovuta uzi, mkono unaookota, mkono unaokunja. Na katika karakana yake mwenyewe alikuwemo kwa miaka mingi Juan de Pareja, mtumwa wake, ambaye husimuliwa kuwa ndiye aliyekuwa akisaga rangi na kutayarisha turubai. Velázquez alimpa hati ya uhuru huko Roma mwaka 1650, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Naye Pareja akawa mchoraji kwa jina lake. Sitaki kusema kwamba asiye uso katikati ya picha ni Pareja. Nasema tu kwamba mchoraji huyu alijua vizuri kazi huanzia wapi, na huanza na nani.

Tulirudie lile zulia. Velázquez hakulibuni mwenyewe. Ni picha ya Titian, Kutekwa kwa Europa, ambayo mzee huyo wa Venice aliimaliza mwaka 1562 kwa ajili ya Felipe wa Pili, babu wa mfalme wa Velázquez. Ilikuwa katika kasri la Madrid, na Velázquez aliiona apendapo. Mwaka 1628 akafika Rubens kutoka Flandria, akakaa Madrid miezi kadhaa, akainakili picha ile. Nakala yake leo imo Prado, hali ya asili ilinunuliwa na Isabella Stewart Gardner mwaka 1896 na imo katika jumba lake huko Boston. Basi hesabu: Ovid anasimulia nguo iliyofumwa, Titian anageuza kisa kuwa rangi, Rubens anainakili rangi kwa rangi, Velázquez anairudisha kuwa nguo, lakini nguo yenyewe kaichora kwa rangi.

Mimi ni mfasiri, na sijaona popote pengine kazi yetu ikiheshimiwa hivi. Mchapishaji mmoja aliwahi kuniambia kuwa jina la mfasiri halina haja ya kukaa juu ya jalada, kwani maneno si yake. Ningalipenda kumketisha mbele ya picha hii kwa saa moja. Hapa mchoraji mkubwa kuliko wote wa nchi yake amechukua kazi ya mwingine, ambayo imekwisha nakiliwa na mwingine, akaiweka mahali penye nuru kuliko pote katika picha yake, na hakuona kuwa amepungukiwa na kitu.

Na tazama alimpa nani kazi hiyo. Arachne ndiye aliyepewa Titian. Athena hakupewa chochote: nguo yake, na miungu wake kumi na wawili, na adhabu zake nne pembeni, haionekani hata ncha. Katika mashindano ya kazi mbili sisi tunaonyeshwa moja. Kama hiyo si hukumu, sijui hukumu huwaje.

Wapo wanaosoma kinyume. Wanasema Athena ndiye Sanaa yenyewe, na Arachne ni fundi tu aliyejisahau; picha inasema sanaa iko juu ya ufundi, maneno ambayo mwombaji wa Santiago angalipenda yasemwe. Nimeipima hoja hiyo mara nyingi. Inashindwa palepale kwenye zulia: huwezi kumtukuza mungu kwa kuifumba kazi yake, na kumdhalilisha binti kwa kumkabidhi kazi bora iliyokuwemo katika nyumba ya mfalme. Liko pia suala la ala ya muziki iliyoegemezwa mle chumbani, mithili ya fidla kubwa. Baadhi husema muziki ulihesabiwa kuwa dawa ya sumu ya buibui. Maelezo haya ni matamu, nami huyasimulia kwa furaha, ingawa yaweza kuwa ni ala tu ya mabibi waliokuja kustarehe.

Kinachonishika zaidi ni wakati aliouchagua. Mkono wa Athena umeinuliwa, lakini haujashuka. Zulia halijachanika. Hapana kamba, hapana maji ya mmea, na nimemtafuta buibui katika kila pembe ya picha sikumwona. Ovid anakimbia kutoka kwenye ghadhabu hadi kwenye kipigo katika mistari michache. Velázquez kausimamisha mkono hewani, na umesimama hivyo kwa zaidi ya miaka 360, hali mbele yake gurudumu linazunguka. Mimi katika kufasiri sina uwezo huo. Sentensi huenda mpaka nukta, na msomaji hungoja.

Kwa hiyo limebaki neno la mwisho la kisa, ambalo kwangu limekuwa gumu kuliko miungu kumi na miwili. Waingereza wana neno lao la mdudu huyu, nao humwogopa. Kwao kugeuzwa mdudu yule ni laana iliyokamilika, haihitaji maelezo. Sisi tuna buibui. Msikilizaji wa mwambao akilisikia neno hilo huona mambo mawili kwa pamoja, mdudu na vazi, lile jeusi lililotundikwa nyuma ya mlango wa mama zetu. Tena mdudu mwenyewe kwetu hana sifa mbaya. Katika Kurani ana sura yenye jina lake, ya 29, na ingawa humo nyumba yake imetajwa kuwa dhaifu kuliko nyumba zote, kila mtoto wa chuoni huku kwetu amehadithiwa habari za pango la Thawr, na utando uliowapoteza waliokuwa wakimwinda Mtume katika Hijra. Bibi yangu hakuruhusu buibui auawe ndani ya nyumba. Nitamfanyaje basi msomaji wangu aisikie adhabu ya Athena katika neno kama hilo?

Nilijaribu "mdudu". Nilijaribu "mdudu buibui", ikawa kama kitabu cha elimu ya viumbe. Nilipomsomea shangazi rasimu yenye neno peke yake, aliinua macho kutoka kwenye ukili wake.

"Kawa buibui, au kavaa buibui?"

"Kawa, shangazi."

"Haya," akasema. "Na yule mwenye kofia, alirudi kutazama anavyotanda?"

Ovid hasemi. Neno nimeliacha hivyohivyo, buibui, bila ya "mdudu" mbele yake na bila ya tanbihi chini ya ukurasa. Mhariri wa mkusanyo ameniandikia mara mbili kuiomba hiyo tanbihi, kwa adabu sana, na bado sijamjibu.